Hivi haya mapigano ya kikabila Afrika ni mabeberu walituachia au tunajitakia wenyewe?

Mwana wa Makole

Wakuu mbukwenyi, poleni na upepo wa Dodoma huu.

Juzi nimeibiwa simu nikaenda kituoni kutoa maelezo nipate los ripoti. Askari mstaarabu tu, anaandika kwa mkono taratibu, jina, umri, kazi, dini, halafu akauliza kabila. Nikasita kidogo. Mzee wangu ni Mgogo wa Bahi, mama Mrangi wa Kondoa, mimi nimezaliwa Makole hapa hapa mjini na Kigogo nakisikia ila nikijibu najibu Kiswahili. Nikasema Mgogo, akaandika, tukaendelea na rangi ya simu.

Jioni nikalisimulia kijiweni Majengo kama kichekesho tu, watu wanapiga kahawa na kashata. Kuna mzee mmoja pale huwa haongei sana, akaweka kikombe chini akasema hilo swali wewe unalicheka, wenzio Rwanda walilijibu likawaua. Basi ndo moto ukawaka. Mzee anasema ugomvi wote wa kikabila Afrika ni kazi ya wakoloni na mpaka leo wanachochea ili wachukue mali. Kijana mmoja wa chuo akamrukia, mzee acha hizo, miaka sitini ya uhuru bado tunamlaumu mzungu, mbona panga anashika Mwafrika? Tumeondoka saa nne usiku hakuna aliyekubali kushindwa na muuza kahawa amelala kwenye benchi.

Sasa wenye kujua naomba mnisaidie, nani ana hoja? Na kama ni wakoloni, mbona sisi Tanzania walitutawala hao hao Wajerumani na Waingereza na hatukuchinjana? Sitaki matusi, nataka mtu anayejua.

Mwalimu Mrangi

Mjomba karibu, maana kama mama yako ni wa Kondoa basi mimi ni mjomba wako. Nafundisha historia, acha nianze na huyo mzee wa kahawa.

Rwanda Wahutu na Watutsi walikuwepo kabla ya mzungu, na walikuwa hawako sawa, tusidanganyane. Ila wanaongea lugha moja, wanaabudu pamoja, wanaishi kilima kimoja, na koo zao zimechanganyika, unakuta ukoo mmoja kama Abasinga una Wahutu na Watutsi humo humo. Na mtu alikuwa anaweza kuhama. Mhutu akipata ng'ombe na heshima watoto wake wanahesabika Watutsi, hata neno lake lipo, kwihutura. Mjerumani alikuta hivyo, akamtumia mfalme kutawala. Mbelgiji akaingia 1916 kwenye vita, na miaka ya 1933 na 1934 akahesabu watu na kuwagawia vitambulisho vyenye kabila. Hapo mlango ukafungwa. Kuanzia siku hiyo wewe ni kile kilichoandikwa, na mwanao ni kile ulichoandikiwa wewe baba yake.

Kuna hadithi mtaisikia sana kwamba mwenye ng'ombe kumi na zaidi aliandikwa Mtutsi. Walimu wengi tunaifundisha ila wanahistoria wengi wanaitilia shaka, inaonekana watu waliulizwa tu wenyewe na kumbukumbu za makanisa zikatumika. Hebu fikiria ingekuwa kweli, babu zako wa Bahi wote wangekuwa Watutsi.

Lakini kuliko kitambulisho mimi naona kibaya zaidi ni ile hadithi waliyopandikiza shuleni na makanisani, kwamba Mtutsi si wa hapa, ametoka Ethiopia huko, ni karibu na mzungu ndo maana kazaliwa kutawala. Watutsi wakaifurahia kwa sababu ilikuwa inawapa vyeo. Miaka ya 50 Watutsi hao hao wakaanza kudai uhuru haraka, Mbelgiji akageuka, 1959 akawabeba Wahutu, machifu wa Kitutsi wakaondolewa wakawekwa wa Kihutu, maelfu wakakimbia. Na hadithi ya Ethiopia haikufa. Novemba 1992 mwanasiasa mmoja, Léon Mugesera, alisimama jukwaani akasema Watutsi warudishwe kwao Ethiopia kwa njia ya mkato, mto Nyabarongo. Mwaka na nusu baadaye miili ilikuwa inaelea kwenye maji hayo hayo mpaka Kagera, mpaka Ziwa Victoria. Huyo ni Mnyarwanda anaongea, lakini kitabu anachosomea kaachiwa.

Zabibu Kavu

Mwalimu nakuheshimu ila umejijibu mwenyewe hapo mwishoni, "huyo ni Mnyarwanda anaongea".

Rwanda imepata uhuru 1 Julai 1962. Kitambulisho cha kabila kilikuwa bado kipo 1994. Miaka 32! Rais wa kwanza Kayibanda alikuwa na uwezo wa kukifuta kwa saini moja, hakukifuta. Habyarimana akaja, hakukifuta, akaongeza na mgao, nafasi za shule na kazi kwa asilimia za kabila. Sasa hapo tumlaumu Mbelgiji kwa lipi, kwamba alisahau kalamu akaondoka nayo?

Burundi je, 1972? Mbelgiji kaondoka miaka kumi, Rais Micombero na jeshi lake la Watutsi wanaua Wahutu wasomi mpaka watoto wa sekondari, makadirio ya chini watu laki moja. Nani aliwatuma? Mkoloni alitukuta na nyufa akazipanua, sawa, nakubali. Lakini mwenye nyumba ukiona ufa miaka thelathini hauzibi tena unautoza kodi, wewe ndo tatizo. Huyo kijana wa chuo mpeni kahawa yake.

Utingo Mstaafu

Wanangu nimesoma naona mnatajataja tu vitambulisho, mimi nimekishika mkononi.

Mwaka 94 nilikuwa utingo, tunabeba mahindi ya msaada kutoka Isaka kwenda Benaco kule Ngara (jina Benaco lenyewe wala si la Kihaya wala Kihangaza ni la kampuni iliyojenga ile barabara), na mwisho wa mwezi wa nne walikuwa wamevuka daraja la Rusumo watu kama laki mbili na nusu kwa siku moja, sasa wewe chukua uwanja wa Jamhuri Dodoma ujaze mara nyingi nyingi halafu wote wamekaa chini kwenye nyasi wanapika kwa kuni mbichi, moshi huoni mbele, ndo tulipoingilia. Tairi ikatuishia upepo, niko chini nafungua naona kijana wa rika langu amekuja na redio anataka tubadilishane na mahindi, Kiswahili chake cha Kikongo Kikongo lakini tunaelewana. Alipoinama kitambulisho kikadondoka mfukoni nikakiokota. Ndani kuna picha yake na chini yake kuna neno UBWOKO, yaani kabila, halafu yameandikwa kwa mfuatano Hutu, Tutsi, Twa, na la nne ni la mgeni aliyepewa uraia. Matatu yamekatwa mstari limebaki moja. Mstari umenyooka kabisa, umepigwa kwa rula. Nikamuuliza huu mstari nini, akasema wanakata yale ambayo wewe si. Nani anakata? Karani wa komini. Akaniuliza na wewe wa wapi, nikamwambia baba Mnyaturu wa Singida mama Msukuma, akafikiria akasema basi kwetu wewe ungekuwa Mnyaturu tu, mama hahesabiwi.

Mahindi nilimpa na redio nikamrudishia. Sijui alikuwa amefanya nini huko alikotoka, maana humo kambini wauaji walikuwepo wengi tu na mapanga yalikuwa yamerundikwa mpakani pale kama kuni, walikuwa wananyang'anywa wakivuka. Sikumuuliza. Lakini nawaambia bila ile karatasi kwenye kizuizi barabarani mtu angekujuaje? Kwa pua? Nimekutana na Watutsi wafupi na Wahutu warefu mpaka nimechoka kuhesabu.

Mwana wa Makole

Shikamoo mzee. Hiyo ya mama hahesabiwi imenigusa kwa kweli, maana kituoni hata mimi sikumtaja mama.

Mwalimu Mrangi

Utingo umenipa somo la kufundishia, marahaba nakupa mimi kwa niaba ya darasa.

Zabibu nikujibu moja. Hao kina Habyarimana hawakuwa peke yao. Waasi wa RPF, wale Watutsi wa uhamishoni, walipoingia kutoka Uganda Oktoba 1990 Ufaransa ilipeleka wanajeshi Kigali, ikamfundishia jeshi na kumpa silaha wakati mauaji madogo madogo ya Watutsi yanaendelea. Kisa kikubwa ni kuwa RPF walitoka nchi ya Kiingereza, Paris ikaona Waingereza wanaingia shambani kwao. Yaani watu wa vilima wanakufa kwa sababu ya wivu wa lugha mbili ambazo hawazijui zote! Rais Macron mwenyewe aliunda tume ya wanahistoria, ripoti ikatoka Machi 2021 ikasema Ufaransa ina wajibu mzito kwa yaliyotokea ila haikushiriki kuua, na yeye mwezi wa tano akaenda Kigali kukiri hilo. Na Umoja wa Mataifa walipouawa wale askari kumi wa Kibelgiji uliamua kupunguza jeshi lake Rwanda libaki kama watu 270 katikati ya mauaji. Huko nako ni kuingilia, kuondoka wakati unajua.

Binti wa Mlali

Jamani mnakaa Rwanda tu, njooni Kongwa hapa kilomita chache.

Kwetu ni Mlali. Waingereza walikuja Kongwa 1947 na matrekta na mradi wa karanga, mvua ikawagomea, udongo ukakauka kama sementi, wakala hasara ya mamilioni ya pauni wakaacha kila kitu. Ikaja 1964 serikali ikawapa wapigania uhuru eneo hilo. FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia, ANC ya Afrika Kusini, MPLA ya Angola, ZAPU ya Zimbabwe, kila mmoja na kambi yake. Bibi yangu alikuwa anawauzia maziwa na mayai, anasema walikuwa vijana wapole wanaimba vizuri, ila kila kundi lilikuwa likila peke yake. Hilo ndo nililotaka kusema.

Maana kila kundi lilikuwa na mfadhili wake. Chukueni Angola. MPLA nguvu yake ilikuwa Luanda na kwa Wambundu, wakabebwa na Warusi na Wakuba. FNLA ya kabila la Wakongo ikabebwa na Mobutu, rais wa Zaire (Kongo ya leo), na Marekani. UNITA ya Savimbi ikakaa kwa Waovimbundu. Huyu Savimbi alifundishwa vita China, akawa anaongea kama Mao, halafu huyo huyo akapokea silaha za makaburu wa Afrika Kusini na makombora ya Reagan wa Marekani ya kudungua ndege! Mfadhili hakuwa na shida na Umbundu wala Uovimbundu, angekuta wamegawanyika kwa timu za mpira angefadhili timu. Vita imekwisha 2002 Savimbi alipouawa, Warusi waliomchukia walishasahau hata kwa nini.

Na Zimbabwe. ZAPU Warusi, ZANU Wachina. ZAPU ikawa na Wandebele wengi, ZANU Washona. Uhuru umepatikana 1980, na mwaka huo huo Mugabe akakubaliana na Korea Kaskazini wamfundishie brigedi, ile ya tano, na Januari 1983 ikaachiwa Matabeleland kwa Wandebele. Waliokufa wanakadiriwa kati ya elfu kumi na elfu ishirini, mpaka mkataba wa umoja Desemba 1987. Uingereza ilikuwa na maafisa wake ndani ya nchi inajua kila kitu, ikanyamaza, Mugabe alikuwa bado rafiki. Sasa Zabibu Kavu niambie hiyo ni ya nani? Aliyeamuru Mzimbabwe, mwalimu wa mauaji Mkorea, aliyefumba macho Mwingereza. Mimi naona mnagombania nani mwenye kosa kama vile kosa halitoshi kugawana.

Mtani wa Tabora

Yaani Wagogo mmeibiwa simu mnaanzisha uzi wa Angola. Mngetuuliza sisi Wanyamwezi watani zenu, tulipokuwa tunapita hapo na misafara mlikuwa mnatutoza hongo kila kijiji kwa ajili ya maji ya kisima, sasa leo kwenye simu moja mnalia! Haya nimemaliza, tuongee.

Mwanzisha uzi umeuliza mbona sisi hatukuchinjana, na hapo kila mtu anakimbilia Nyerere na Kiswahili. Nyerere sawa, lakini tuanze nyuma. Mjerumani alitawala kwa maakida na Kiswahili, akida katoka pwani anapelekwa bara kutawala watu asiowajua. Walikuwa wakatili wale na walichangia Maji Maji ya 1905, hakuna wa kuwapenda. Lakini matokeo yake hakuna kabila moja lililopewa nchi. Afisi zikawa za Kiswahili kwa sababu ya uvivu wa Mjerumani kujifunza lugha mia na ishirini, si kwa kutupenda. Mwingereza alikuja akajaribu kurudisha ukabila kwa nguvu, Gavana Cameron miaka ya 20 akatangaza kila kabila litawaliwe na chifu wake. Wakaanza kutafuta machifu hata mahali ambapo hawakuwepo. Huko kwenu Ugogo kila eneo lilikuwa na mtemi wake wa mvua, wengi wengi wadogo, na koo zenu nusu zimetoka Uhehe, nusu Unyamwezini kwetu, nyingine Ukaguru. Wakazikusanya wakaziita kabila moja. Bahati nzuri tulikuwa wengi mno na hakuna mkubwa wa kuwameza wengine, hata Wasukuma na wingi wao hawafiki hata robo ya nchi.

Halafu ndo Nyerere: 1963 machifu wakafutwa kisheria, sensa ya 1967 ikawa ya mwisho kuuliza kabila. Kwa hiyo karani wa sensa haulizi ila askari wa los ripoti anauliza, hahaha. Na utani msiudharau, mimi nikifiwa Mgogo anakuja kulala kwenye jeneza anadai hela, utamchinjaje mtu kama huyo.

Ulyankulu huku kwetu Warundi wa 1972 wapo, wamekuja wamekatwakatwa, 2014 serikali ikawapa uraia watu kama laki moja na sitini na mbili. Jirani yangu mmoja ni wao. Hajawahi kuniambia ni Mhutu au nani, na mimi naona aibu kumuuliza.

Zabibu Kavu

Mtani umeongea vizuri, ila wanaosema Kiswahili ndo kilituokoa wanijibu Somalia. Lugha moja, dini moja, kabila moja. Wakagawana kwa koo!

Ila hapa nashuka kidogo, maana nimesoma cha Binti wa Mlali nikakumbuka. Rais wao Siad Barre alikuwa wa Warusi, wakamjazia silaha. 1977 akaivamia Ogaden ya Ethiopia, Warusi wakamgeuka wakahamia Ethiopia, Wamarekani wakampokea yeye. Silaha zote za pande mbili za dunia zikabaki kwenye nchi moja ya wafugaji, na alipoona anaanguka akaanza kuzigawa kwa koo zinazomuunga mkono, 1988 ndege zake zikapiga Hargeisa, mji wa raia wake mwenyewe. Kwa hiyo nakubali silaha si zetu. Ila ya kugawa kwa koo, hiyo Mrusi hakumfundisha.

Utingo Mstaafu

Sasa nani ataniambia ya Goma kule Kongo, maana wanetu wanajeshi wetu wamefia kule na hapa kila redio inasema lake, mmoja anasema Wanyarwanda wanataka madini, mwingine anasema wanalinda ndugu zao.

Mwalimu Mrangi

Mzee yote mawili yamo na Mbelgiji yumo. Kuanzia 1937 yeye mwenyewe aliwahamisha Wanyarwanda kwa maelfu kutoka vilima vilivyojaa akawapeleka Masisi huko Kongo wakalime mashamba yake. Wengine walikuwepo hata kabla ya mpaka kuchorwa. Akaondoka bila kusema hawa ni raia wa wapi. Mobutu 1972 akawapa uraia kwa sheria, 1981 akawanyang'anya kwa sheria nyingine. Hapo Zabibu ana haki yake, huyo ni Mobutu si Mbelgiji. Umewanyima watu ardhi na kura, wakaja wakimbizi wa 1994 na wauaji ndani yake, tayari una kuni. Halafu chini ya hizo kuni kuna madini ya koltani ya Rubaya, ambayo kila simu inaitaka. Waasi wa M23 wamechukua Goma Januari 2025, wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema Rwanda iko nyuma yao, Kigali inakataa, na mwezi wa sita mawaziri wa Rwanda na Kongo wakasaini makubaliano Washington huku Marekani ikiongelea madini waziwazi. Angalau zamani walikuwa wanaona haya.

Binti wa Mlali

Kwa hiyo na simu iliyoibiwa Makole nayo imo kwenye kesi.

Mwana wa Makole

Nimesoma yote wakuu, nimemsomea na mzee wa kahawa kwa sauti leo. Nilipofika kwenye rula akaomba nirudie. Kijana wa chuo hakuja, tumeambiwa ana mtihani.

Los ripoti nimeichukua asubuhi. Nimeiangalia mbele na nyuma, ina jina langu, namba ya simu na muhuri, kabila halimo. Lile limebaki kwenye faili lao.

Mtani wa Tabora

Simu ilikuwa aina gani?